Barua ya Utambulisho na Yale Yasiyoandikwa Ndani Yake

Kila Januari, wiki ya pili hivi, benchi la nje ya ofisi yetu ya usharika hujaa vijana. Sikukuu zimekwisha, mbuzi wameliwa, mabasi ya Dar es Salaam yana nafasi tena, na kila mmoja anataka barua. Huyu amepata kazi ya duka Kariakoo, yule anakwenda chuo Dodoma, mwingine ameolewa Mwanza na mumewe anamsubiri. Nawaandikia wote. Barua yenyewe haina maneno mengi: jina, kwamba mhusika amebatizwa, amepata kipaimara, anashiriki Meza ya Bwana, tunaomba mmpokee. Sahihi, mhuri, basi. Mistari sita.

Nimeandika barua hizi kwa miaka 22, katika sharika tatu za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku mlimani Kilimanjaro, na najua nyingi zinaishia wapi. Zinaishia ndani ya begi, katikati ya kitabu cha nyimbo, chini ya godoro la chumba cha kupanga. Desemba mwenye barua anapanda mlima kuja kula Krismasi, suti safi, sadaka nono, na nikimuuliza anasali wapi huko mjini ananitajia makanisa manne. Nikisikia manne najua hana hata moja.

Mwaka huu nimeamua kuandika na yale yasiyoingia kwenye mistari sita. Yasome ndani ya basi. Kutoka Moshi hadi Chalinze una saa za kutosha. Kama huendi popote, umezaliwa hapo ulipo na utazikwa hapo, yasome vilevile. Wapo waliokaa usharika mmoja miaka thelathini na bado ni wageni.

Neno langu ni moja, na yote yanayofuata yanatoka humo: tafuta watu ambao usipoonekana wiki mbili watakuja kugonga mlango wako. Kusali, kutoa, kusamehe, kusema kweli kazini, haya yote mtu hujifunza akiwa na watu wa namna hiyo. Bila wao utajifunza nyimbo tu.

Ipeleke barua

Ipeleke ndani ya mwezi wa kwanza. Ukiuacha mwezi huo upite utaanza kuona aibu kwa kuchelewa, na aibu hiyo itakuchelewesha mwaka mzima.

Chagua usharika ulio karibu na unapolala. Najua kuna kanisa lenye kwaya kali upande wa pili wa mji, na mhubiri wake unamfuata kwenye simu. Nenda kamsikilize siku moja moja, hakuna atakayekukataza. Lakini usiku utakapobanwa na homa, hakuna mtu atakayepanda daladala mbili na bodaboda kukuletea uji. Kanisa lako ni lile unaloweza kulifikia kwa miguu, au karibu na hapo.

Usimwachie barua mlinzi. Nenda ofisini siku ya kazi, kaa kwenye benchi, na ukiitwa uliza mambo matatu: mtaa wangu ni upi, mzee wa kanisa wa mtaa huo ni nani, na jumuiya wiki hii inakutana kwa nani. Katibu akikupokea kwa uso mkavu usikasirike. Ana rundo la barua kama yako, na printa imegoma tangu asubuhi. Jumapili utaambiwa wageni wasimame, utasema jina lako na ulikotoka, utapigiwa makofi. Pokea makofi kwa furaha, ila ujue kwamba watu hao hawajakujua bado. Namba ya simu ya mzee wa kanisa ina thamani kuliko makofi ya ibada nzima.

Jumuiya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wangu wengi wanapopotelea.

Jumuiya ndilo kanisa likiwa limevaa kandambili. Mara nyingi hukutana Jumamosi alfajiri, au jioni katikati ya wiki, nyumba kwa nyumba. Huku kwetu wazo hili lina mizizi ya zamani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika kwa Wachaga mwaka 1902 na kufanya kazi huku hadi 1938, ukiacha miaka michache aliyozuiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu kabla mmisionari hajashuka melini, na kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo. Naona alihofia mno shule na mji. Ila kwenye ujirani hakukosea. Ndugu zetu Wakatoliki nao, maaskofu wao wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1976, waliamua kwamba kanisa la Afrika Mashariki lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo. Tofauti ni kwamba Gutmann alikuwa na ukoo wa kujengea. Wewe unakwenda mahali palipo na wapangaji, kila mmoja ametoka kwao, na mnajuana kwa mlango: mama wa chumba cha tatu, kaka wa mwisho.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa matibabu, mwaka fulani, kijana wetu mmoja alinichukua Jumamosi alfajiri kwenye jumuiya yake. Tulikuwa watu saba kwa fundi cherehani. Chumba kimoja. Pazia la kitenge limegawa kitanda na sebule, na nyuma ya pazia mtoto alikuwa amelala, mguu mmoja umechomoza nje. Viatu mlangoni. Viti vya plastiki viwili vimeazimwa kwa jirani ambaye ni Mwislamu na ambaye, niliambiwa, huviazimisha kila zamu ikifika bila kuombwa. Aliyesoma Neno alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na hakuna aliyemharakisha. Kisha kiongozi akauliza, "Wiki hii nani ana jambo?" Fundi akasema cherehani imekamatwa na mwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Hakuna aliyesema tutaliweka kwenye maombi. Walihesabu kilichokuwepo mifukoni, ikabaki pengo, wakapanga nani aende kuongea na mwenye nyumba saa tatu. Halafu ndipo wakaomba. Mimi mchungaji, niliyezoea kuomba kwanza na kuondoka, niliona haya.

Yule kijana wetu aliniambia njiani kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwepa zamu yake ya kupokea jumuiya kwa mwaka mzima, kisa hana makochi. Zamu ilipomkuta tena, kiongozi alimwambia watakuja hata kama hana sakafu. Walikaa kitandani na juu ya ndoo zilizofunikwa.

Basi yashike haya. Nenda kila wiki kwa miezi mitatu kabla hujaamua kama unaipenda. Katika miezi hiyo usihubiri, hata kama ulikuwa mwenyekiti wa vijana huku. Soma ukiambiwa usome, beba viti, jifunze majina, na ya watoto pia. Zamu yako ikifika, ipokee. Usikope hela ya soda. Maji ya kunywa yanatosha, na ukiweza, chai ya rangi. Na kiongozi akiuliza nani ana jambo, siku moja useme jambo lako la kweli. Usiseme "tuombee safari ya maisha". Sema umedaiwa, sema humwelewi mke wako, sema huna usingizi.

Jumuiya zina maradhi yake. Ipo inayogeuka kuwa ya kukusanya michango tu, kila wiki daftari. Ipo yenye umbea. Ukiikuta ya namna hiyo, usihame kimya kimya. Mwambie mzee wa kanisa, na wewe uwe mmoja ambaye akiambiwa siri haivuki mlango.

Nyumbani

Kwa hili sina maneno mengi. Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 aliiandika ili mwenye nyumba aifundishe nyumbani kwake. Sisi tumeifanya mali ya darasa la kipaimara, watoto wanaikariri, wanang'arisha viatu, wanapigwa picha, imekwisha. Irudishe nyumbani. Ukikaa peke yako, wewe ndiye mwenye nyumba.

Anza na Marko, ndiyo Injili fupi kuliko zote, sura 16. Aya kumi kila jioni kabla ya chakula, kwa sauti, hata kama anayekusikia ni sufuria. Baada ya kusoma jiulize swali moja tu: hapa Yesu anafanya nini, na nani anachukia? Utashangaa. Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza. Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ina maneno yanayotushinda sisi watu wa bara. Mimi mwenyewe nilieleweshwa uzito wa "hasha" na mzee Mwislamu wa Tanga aliyekuwa akiuza kahawa nje ya hospitali, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya mwalimu wangu wa chuo cha theolojia. Una majirani wa Pwani sasa. Waulize.

Halafu lala. Luther aliagiza kwamba mtu akishamaliza sala ya jioni alale mara moja na kwa moyo mkunjufu. Ni agizo la kiroho ninalolivunja mara nyingi kuliko mengine.

Fedha

Umekulia kwenye mnada, kwa hiyo hili sikuelezi, nakukumbusha. Ibada imekwisha, tumetoka nje, mzee wa kanisa amesimama juu ya ngazi ameshika mayai matatu kwenye mfuko wa nailoni. "Mayai ya kienyeji, elfu mbili, nani ataongeza?" Kuna mkungu wa ndizi, kuna maziwa kwenye chupa iliyokuwa ya juisi, kuna jogoo amefungwa miguu anayetazama umati kama anaujua. Mayai yanapanda, yanafika elfu kumi, aliyenunua anayarudisha yauzwe tena, yanauzwa mara tatu, na mwisho anapewa bibi mmoja aliyekuja peke yake na fimbo. Sijaona shule ya utoaji inayoushinda mnada siku unapokwenda vizuri. Mtu aliyekosa hela ametoa kuku, mwenye hela amelipa kwa ajili yake, na bibi amepata mboga.

Siku unapokwenda vibaya, wakubwa wawili wanashindana, spika inapasuka, na wasio na kitu wanapitia nyuma ya vyoo wasionekane wakiondoka. Mjini nako utaukuta mnada. Usikimbie, na usinunue ili uonekane. Nunua limao.

Utapewa bahasha yenye namba na kuulizwa ahadi yako ya mwaka. Andika kiasi unachoweza kukilipa katika mwezi wako mbaya kuliko yote. Katika mwezi mzuri ongeza bila kutangaza. Siku hizi karibu na kapu la sadaka utaona bango la Lipa Namba; ni sawa, ila kama una watoto, wape sarafu mkononi waitumbukize wenyewe, mtoto hajifunzi kutoa kwa kumtazama baba akibonyeza simu.

Usikope ili utoe. Nalirudia hili kwa sababu naona linafanyika, na kwa sababu wenzangu wengine wa madhabahuni wanalihimiza. Wanamtumia yule mjane wa senti mbili wa Marko 12. Basi wewe anza kusoma aya chache kabla yake. Kabla tu ya mjane kutokea, Yesu amewakemea walimu wa dini waliovaa vizuri, wanaosali kwa maneno marefu huku wakizila nyumba za wajane. Ndipo mjane anaingia. Mimi huisoma habari hiyo nikitetemeka kidogo, kwa sababu mshahara wangu unatoka kwenye kapu lile.

Na deni. Mjini kuna mikopo inayoitwa kausha damu, na jina lenyewe limejieleza. Inaanza na laki moja ya haraka ya kulipia kodi, inaishia wamekuchukulia televisheni na kitanda. Ukijikuta humo, mwambie mtu mmoja wa jumuiya wiki hiyohiyo, kabla hujachukua mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Aibu ya kusema deni la laki mbili ni ndogo. Ikifika milioni mbili utaanza kukwepa ibada, na kila anayekupigia simu utamdhania ni mdai.

Kaunta

Wengi wenu mnakwenda kuuza duka la mtu. Siku ya kwanza, kabla ya chai, utajisikia ukimwambia mteja: "Na risiti elfu hamsini na tisa, bila risiti hamsini. Nikupe ipi?" Bosi wako ndiye aliyekufundisha kusema hivyo, na mteja mwenyewe anatabasamu.

Kabla sijakushauri nikiri langu. Tulikuwa tunajenga vyoo vya kanisa. Nilishuka mjini kununua saruji na mabati, muuzaji akanipa bei mbili, nikachukua ya chini nikijiambia naliokolea kanisa fedha. Mtunza hazina wetu, mwalimu mstaafu, aliipokea karatasi yangu iliyoandikwa kwa kalamu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mchungaji, hii niiandike wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi Moshi siku ya pili, nikalipa tofauti mfukoni mwangu, nikaleta risiti. Mke wangu hakuongea nami hadi Alhamisi.

Ushauri wangu ni huu. Usianze na mahubiri. Muuza duka anayehubiri wiki ya kwanza humaliza wiki ya pili nyumbani. Anza kwa yaliyo mikononi mwako: chenji ya mteja aliyesahau mrudishie mbele ya wenzako, fika kabla bosi hajafika, usipunje kipimo. Ukishaaminika, miezi miwili mitatu, mfuate bosi peke yake baada ya kufunga, umwambie hivi: "Bosi, nikikaa mimi kaunta naomba nitoe risiti. Mteja asiyetaka, naomba umhudumie wewe." Huenda akacheka. Huenda akakuweka stoo, na stoo si gereza. Huenda pia akakufukuza, na hapo utajua kama una jumuiya au una ratiba ya Jumamosi tu. Jumuiya yenye akili huweza kumlisha mtu mmoja mwezi mzima akitafuta kazi; sahani moja moja, nyumba kwa nyumba.

Sikuahidi kwamba Mungu atakupa duka lako. Wapo waliosimama hivyo na bado wanatembeza soksi barabarani.

Msiba

Kwenye msiba sisi ni mabingwa. Simu inalia, turubai linafungwa, viti, sufuria kubwa zinatoka kanisani, daftari la rambirambi linaanza kuzunguka, kundi la WhatsApp limeundwa kabla maiti haijafika mochwari. Ukiwa mgeni mjini, msiba ndio mlango mwepesi kuliko yote wa kuingia katika maisha ya watu: nenda, osha vyombo, hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

Mimi nakuomba ubaki baada ya turubai kukunjwa.

Maana mjane, siku watu wanapoondoka, anaanza safari ya makaratasi. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA. Anahitaji kikao cha familia kikae, kimteue msimamizi wa mirathi, na muhtasari uandikwe na kusainiwa, na katika kikao hicho mara nyingi wanaume wa ukoo ndio wanaoongea. Kisha mahakamani, na aulize mapema ni mahakama ipi, maana si kila mirathi ya Mkristo husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na nimeona mama aliyepoteza miezi akirudishwa. Tangazo, siku za kusubiri, kuteuliwa, ndipo benki. Wakati huo wote akaunti ya marehemu imefungwa na ada ya shule haisubiri.

Unaona mahali pako hapo? Omba ruhusa nusu siku umsindikize. Ubebe bahasha ya vivuli. Ukae naye kwenye foleni, ukamnunulie maji. Ukijua kusoma fomu, msomee polepole kabla hajasaini, na kama kuna shemeji anayemharakisha, msomee polepole zaidi. Mwambie asimpe mtu yeyote hati ya nyumba wala karatasi yoyote halisi "akamtunzie". Katika usharika wetu mama mmoja alikabidhi hati zake kwa kuheshimu ukoo, na shamba la kahawa alilolipalilia miaka kumi na minane alikuja kuliona lina uzio wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimehubiri vizuri sana kwenye mazishi yale. Watu walisifu. Wiki iliyofuata sikuwa naye, nilikuwa kwenye semina.

Yakobo, katika waraka wake, anapoeleza dini safi anataja yatima na wajane katika dhiki yao. Anataja kuwaangalia. Sijui kwa nini tumesoma kuwachangia na kuondoka.

Ukianguka

Utaanguka, si lazima kwa namna unayoidhania. Na desturi yetu unaijua: aliyeonekana amekosa huwekwa nje ya Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini husimama mbele, huulizwa, hujibu, huombewa.

Desturi hiyo ina wema ndani yake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafanya watu kusema dhambi zao hadharani, kulipa madeni, kurudisha walivyoiba, kama Zakayo. Wakubwa kwa wadogo walisimama sakafu moja. Sisi tulipoigeuza kuwa utaratibu tulichagua dhambi moja, na katika dhambi hiyo tulichagua mtu mmoja. Mwaka wangu wa pili wa uchungaji nilimsimamisha binti wa miaka kumi na tisa mbele ya usharika, ana mimba ya miezi saba, gauni la kuazima. Aliyempa mimba hiyo alikuwa nyuma yangu kwenye kwaya, upande wa besi. Nilijua. Wazee walijua. Tuliimba, na yule wa besi aliimba.

Yule binti hakurudi. Nimemtafuta baadaye, nikamwomba msamaha mlangoni kwake. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akanisikiliza, akaniambia ahsante kwa kuja. Kanisani hakurudi.

Kwa hiyo nakwambia hivi. Ukianguka wewe, usihame mji. Mtafute mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya siku hiyohiyo, useme mwenyewe kabla ya kusemwa. Ukiwa ndiye kijana wa besi, shuka jukwaani. Na siku utakapomwona mtu amesimamishwa mbele peke yake, usijifanye unatafuta namba ya wimbo. Nyanyuka ukakae kiti cha mbele anapokuona.

Mitume, manabii na mchungaji wako

Mjini utawakuta wauza mafuta, maji na vitambaa. Kuna siku utachoka kiasi kwamba utataka kununua. Sitakutukana; nimewazika watu walionunua, na nimewazika wasionunua. Uliza tu, huyu mtu akimaliza kuniombea anajua ninapokaa?

Mchungaji wako mpya naye atakuudhi. Matangazo yake yatakuwa marefu kuliko mahubiri, atasahau jina lako mara tatu, atachelewa hospitali. Usimpeleke kwenye kundi la WhatsApp. Mathayo 18 ina ngazi: kwanza nyinyi wawili, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Sisi tunapenda kuanzia ngazi ya juu. Mfuate ofisini, mwambie, "Mchungaji, neno lako la Jumapili liliniumiza." Nimeambiwa hivyo mara nne katika utumishi wangu, na wote wanne nawakumbuka kwa majina. Barua zisizo na sahihi nilizopata sikumbuki hata moja.

Ofisi yetu iko wazi Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa saba. Njoo na namba yako ya bahasha, jina la mtaa unaokwenda kama unalijua, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Kama ulikosana na mtu hapa, mwanakwaya, mzee wa kanisa, mimi, pitia kwake kabla hujaja kwangu. Barua nitaiandika ukisharudi. Na uje na kalamu, ya ofisini imekauka tangu Krismasi.